Chungu cha Mkwe

Mbinga,
18 Agosti 2024

Mwanangu Aurelia,

Pokea salamu zangu kwanza, za wengine zinafuata nyuma yangu kama watu wanaotoka kanisani. Baba yako Joakim anakusalimu, miguu inamsumbua asubuhi, lakini jua likipanda anatembea mpaka kwenye mibuni na kurudi akinung'unika. Kaka yako Baltazar anakusalimu. Mke wake Gaudiosa anakusalimu, ana mimba changa na hataki kusikia harufu ya kitunguu, basi nyumba nzima tunakula mboga za kuchemsha. Shangazi yako Hildegardi anakusalimu na anauliza kama bado unakula kwa haraka kama mtu anayefukuzwa. Mbuzi mweupe naye angekusalimu, ila amekula karatasi ya kwanza ya barua hii, ndiyo maana naanza upya.

Nisalimie mkwe wangu Hamphrey kwa heshima zote. Nisalimie mjukuu wangu Kilian, na wifi yako Emiliana, na majirani wote wa Kihagara wanaonikumbuka.

Naandika kwa sababu simu ya huko kwenu ni ya mkwe, na mambo ya mkwe mtu hayasemi ndani ya simu ya mkwe. Mama Mektilda anayepandisha dagaa wa usipa sokoni atakuletea barua hii mkononi. Unajua mimi na mumeo hatutazamani usoni wala hatukai pamoja. Wewe ndiye mdomo wangu kwake.

Mwanangu, tangu mliposhuka siku ile ya kahawa nimesikia sauti yako mara moja tu. Ulisema "mama, tumefika", simu ikakatika. Mama Mektilda anasema pikapu ya mkwe haionekani tena sokoni. Halafu Ignatio wa bodaboda kaja hapa kuomba maji, akasema, "Mama, mkweo yule gari haliendeshi yeye, linaendeshwa na bia." Nikamwambia unywe maji yako uende. Lakini alipoondoka maneno yake yalibaki hapa kwenye benchi.

Unamkumbuka Raimundi, mtoto wa mwalimu wa kwaya? Tumemzika mwezi wa sita. Alitoka baa akawaambia wenzake, niacheni, nyumbani ni hapo tu. Ni kweli ilikuwa hapo tu. Alifia kwenye mfereji ulio chini ya nyumba yao. Mama yake aliisikia pikipiki inakuja, akaanza kumpashia chakula.

Mimi mkwe wangu nimemjua kwa heshima yake. Hata siku ile, alipomaliza kunibebea magunia kuyapeleka chamani, nilimtengea chungu cha pombe ya ulezi kama desturi, Baltazar akampelekea nyuma ya nyumba, kwa kuwa mkwe hanywi mbele yangu. Alikinywa chote. Chungu kilirudi kimegeuzwa kichwa chini na hakikudondosha hata tone. Nilifurahi nikasema mwanangu ameolewa na mtu. Wanaume wa baa hawana adabu ya namna hiyo.

Basi niambie ukweli, anakwenda baa? Kama anakwenda, usipande gari lake, wala Kilian asipande. Nijibu kwa mkono wa Mama Mektilda akipanda tena.

Mimi mama yako,
Emeria

*

Kihagara,
9 Septemba 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima wa afya njema kama nilivyo mimi pamoja na familia yangu. Dhumuni la barua hii ni kukujulisha kwamba barua yako nimeipata na nimefurahi sana.

Huku sote ni wazima. Kilian anaendelea na masomo. Gari liko gereji, limeharibika springi, ndiyo maana halionekani sokoni. Hamphrey haendi baa. Usimsikilize Ignatio.

Misa ya kumwombea bibi mwezi wa kumi sitaweza kuja kutokana na shughuli. Wasalimie wote.

Wako mtiifu,
Aurelia

*

Mbinga,
22 Septemba 2024

Mwanangu,

Huku hatujambo. Baba yako hajambo, Baltazar hajambo, Gaudiosa sasa anakula kitunguu kibichi kwa chumvi, mambo ya mimba nani anayajua. Hildegardi anaumwa meno.

Barua yako nimeipata. Mimi niliishia darasa la nne, lakini mwandiko wako naujua kama ninavyoujua mwendo wako. Wewe herufi zako zinalala upande mmoja kama mahindi yaliyopigwa na upepo. Hizi zimesimama wima kama wanakwaya. Na wewe tangu nikuzae hujawahi kunitumaini wala kunijulisha dhumuni. Hukumuulizia hata mbuzi.

Nilimuuliza Mama Mektilda, mwanangu unamwonaje? Akatazama kapu lake. Akasema, "Nilimwona kanisani, amejifunika kanga mabegani." Nikasema na joto lile la ziwani? Akasema, "Mama Emeria, mimi nauza usipa."

Sikusemi. Naomba tu uniandikie kwa mkono wako mwenyewe, hata mstari mmoja, nijue upo.

Mama yako

*

Kihagara,
13 Oktoba 2024

Shikamoo mama.

Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umevunjika. Ile aliandika Emiliana.

Gari lilianguka siku ile ile ya kahawa. Kilian hakuwemo. Mkono unapona. Usije mama, nakuomba. Nitaeleza nikiweza kuandika.

Mbuzi hajambo?

Aurelia

*

Mbinga,
20 Oktoba 2024

Mwanangu Aurelia,

Leo salamu utazigawa mwenyewe, kila mtu hapa amekaa kimya.

Nililia kwanza, sasa nimemaliza. Baba yako amekaa nje na fimbo yake. Anasema utume neno, wazee wawili watashuka wakuchukue, na mkwe aje na mjomba wake aeleze mbele ya watu. Baltazar anapasua kuni ambazo hatuzihitaji.

Umeandika herufi zako zinalala upande wa pili, kama mtoto wa chekechea, na bado umemuulizia mbuzi. Hajambo. Amezaa.

Nina neno moja tu nataka kulijua. Mliondoka hapa mchana, jua linawaka, barabara kavu, lami mpya. Gari halianguki lenyewe. Alisimama wapi? Kanywea wapi? Nitajie baa hiyo. Kama iko Mbinga mjini nitakwenda na kanga yangu nimwambie mwenye baa, wewe uliyemuuzia mkwe wangu pombe akiwa na mwanangu kwenye gari, nitazame usoni. Kumbe Ignatio alikuwa anajua nami nilimfukuza na maji yake.

Usifiche. Nijibu.

Mama yako

*

Kihagara,
17 Novemba 2024

Shikamoo mama,

Nawasalimu nyote, baba, kaka Baltazar, wifi Gaudiosa, shangazi. Plasta imetolewa. Mkono umekuwa mwembamba kama wa mtu mwingine, lakini naandika nao, kidogo kidogo, ndiyo maana nimechelewa. Pia nimechelewa kwa sababu sikutaka kufika kwenye mstari unaofuata.

Umeniuliza kanywea wapi. Kanywea kwetu, mama.

Hatukusimama popote. Hamphrey alikuwa ameacha pombe tangu Pasaka. Alimwambia padri wao, kisha akaniambia mimi, hakutaka kumwambia mwingine akaonekana anajisifu. Siku ile Baltazar alipompelekea chungu alimwambia, "Shemeji, leo ninaendesha, nipe maji." Baltazar akacheka. Akamwambia, "Unataka nikarudishe chungu cha mama mkwe kimejaa? Kamwambie mwenyewe." Na wewe unajua hawezi kukuambia mwenyewe. Hamphrey akanitazama. Mama, mimi nilikuwepo, na mimi nilimwambia kunywa tu, usimvunje mama moyo.

Akanywa. Hakupepesuka. Ningemwona anapepesuka ningeshuka. Alipanda garini anaongea vizuri, amefurahi, anasema, "Mama yako amenipa heshima." Anaimba nyimbo za kanisani kwao. Kona za kwanza alizikata vizuri kabisa, ila kwa kasi, na kila nikimwambia taratibu ananijibu kwamba hii njia anaijua hata akifumba macho. Mzee Elias wa hapa kwetu tulimpa lifti, alikaa nyuma na gunia la viazi.

Tulipofika kwenye ile kona ziwa linapotokea mara ya kwanza, Hamphrey aliondoa mkono kwenye usukani akanionesha. "Tazama, mama Kilian, tazama lilivyo zuri leo." Kana kwamba sijazoea kuliona. Alikuwa bado ananionesha gari lilipotoka barabarani.

Lililala ubavu kwenye ukingo wa juu. Lingetokea upande wa bondeni, barua hii usingeisoma. Mzee Elias alirushwa, akavunjika nyonga. Viazi vilikuwa vinaviringika barabarani na yeye analalamika, okoteni viazi vyangu. Polisi walimpima Hamphrey. Mahakamani alikiri, wakamfungia leseni mpaka mwakani.

Ulipoandika ile barua ya kwanza, kwamba chungu kilirudi bila hata tone, nilikuwa namsomea kwa sauti sehemu za salamu. Nilisoma na hapo kabla sijajizuia. Alitoka nje akaenda kwa Mzee Elias, na tangu siku hiyo kila asubuhi anamchotea maji na kumpalilia mihogo.

Sitaki wazee waje kunichukua. Sikukuambia mapema kwa sababu ulikuwa umejivunia.

Mwanao,
Aurelia

*

Mbinga,
2 Machi 2025

Mwanangu Aurelia,

Salamu zetu zimelala sana, zipokee hivyohivyo. Baba yako hajambo, fimbo ameirudisha nyuma ya mlango. Gaudiosa amejifungua mtoto wa kike, tumembatiza Mektilda, maana Mama Mektilda ndiye posta yetu. Hildegardi meno mawili yameng'oka, sasa anatuambia tule taratibu.

Nilitaka kukujibu siku ileile. Nikaandika "Mwanangu", nikakaa. Siku nyingine nikaandika tena "Mwanangu", nikaenda kuangalia maharage. Krismasi ikapita. Mimi niliyekuwa nimejifunga kanga niende kupigana na mwenye baa, kumbe baa ilikuwa jikoni kwangu.

Nilimwita Baltazar. Nikamuuliza, shemeji yako alikuambia hanywi? Akasema, "Alisema, mama. Nikadhani anaringa." Nikamwambia na mimi ningedhani hivyohivyo.

Baba yako alisema desturi ni desturi, wazee hawakuwa wajinga. Nikamjibu hawakuwa wajinga, walikuwa na miguu. Zamani mkwe alikuja kwa miguu, akimaliza chungu analala kwa shemeji zake mpaka asubuhi. Hakuna aliyewahi kujiuliza kile chungu kitafanya nini barabarani. Gari limekuja, sisi tumebadilisha mpaka sufuria, ila hilo hatukulitazama. Baba yako akasema nimpe chai.

Chungu kile nimekitia mbegu za maharage.

Wewe usijilaumu kwa kumwambia anywe. Ulisema nilichokulea useme. Na mumeo mwambie, kwa mdomo wako, kwamba mama hana hasira naye. Alipomwambia Baltazar nipe maji, alisema neno kubwa, sisi ndio hatukulisikia. Ila mwambie pia Mzee Elias asiachwe. Debe hili la maharage na kahawa iliyosagwa ni vyake, mpelekeeni mkono kwa mkono, mseme vimetoka kwa mama wa Aurelia anayeomba radhi.

Nikuchekeshe kidogo. Mwezi uliopita tulialika watu kulima mashimo ya ngoro kule mteremkoni. Pombe nilipika, kazi ya ngoro bila pombe nani atakuja. Lakini kabla mtu hajapewa kikombe nilikusanya funguo za pikipiki zote, nikazifunga kiunoni ndani ya kanga. Ignatio akasema, "Mama, mimi nikinywa ndiyo kona naziona vizuri." Nikamwambia basi kaziangalie kwa miguu. Akasema, "Nipe ufunguo wangu, mama, mimi ni mtu mzima." Nikamwambia mwanamume anayetaka kutafuta ufunguo kiunoni kwa bibi kizee asogee, watu wote wanaona. Walicheka mpaka majembe yakasimama. Alirudi asubuhi kuuchukua, amenuna, mzima.

Nijulishe mkono unaendeleaje, na yeye anasemaje.

Mama yako

*

Kihagara,
8 Juni 2025

Shikamoo mama,

Huku ni wazima. Kilian amepoteza viatu tena. Mzee Elias anatembea na gongo, anakushukuru kwa maharage, anasema yameiva haraka kuliko mguu wake.

Hamphrey nilimwambia ulivyosema. Akaniuliza, "Alisema hivyo mwenyewe?" Nikampa barua asome. Hakunirudishia. Nadhani anayo.

Mama, wakati wa leseni yake umefika. Pikapu imetengenezwa, wavuvi wanamngoja aanze kupandisha usipa. Mimi sina raha. Pasaka alikunywa kwenye harusi ya mtoto wa Emiliana. Alirudi kwa miguu, sikatai, lakini alikunywa. Na hii kazi yake unaijua. Akishamaliza kuuza pale sokoni Mbinga, wapagazi na wenye samaki wanamzunguka, dereva chukua moja ya kushukia. Akikataa wanamwita mlokole, wanapeleka mizigo kwa mwingine. Yeye mwenyewe juzi aliniambia, "Naogopa, mama Kilian. Si kona ninazoogopa. Naogopa ile saa nikishauza."

Na kwenu anaona aibu kupanda. Anasema atapita barabarani bila kutazama nyumba.

Sijui nifanye nini. Siwezi kupanda naye kila siku, nina shule ya Kilian na mihogo. Nimefika kwako.

Aurelia

*

Mbinga,
15 Juni 2025

Mwanangu Aurelia,

Sote hatujambo, baba yako, Baltazar, Gaudiosa, Mektilda mdogo ambaye sasa anakaa na kuanguka, shangazi yako, mbuzi na watoto wake. Salamu hizi zigawe haraka, nina neno.

Barua yako nimeisoma nikiwa naanika kahawa, nimeisoma tena nikiwa napika. Nimepata.

Huyo mumeo hajawahi kunywa mbele yangu. Si kweli? Hata alipokuwa mnywaji, hata siku ya mahari yenu wanaume wote walipokuwa wamelewa, aliponiona napita aliweka kikombe chini ya kiti. Adabu hiyo ndiyo iliyotuponza, sasa itulinde.

Siku zake za soko nitakuwa pale Mbinga sokoni na kapu langu. Baltazar ataninunulia stuli, nitauza maharage yangu mkabala na samaki zake. Hao wapagazi waje na moja yao ya kushukia. Mkwe atainywa vipi mama mkwe amekaa pale anamhesabia mchuuzi maharage? Akimaliza kuuza nitapanda gari. Sipandi nyuma. Nitakaa kiti cha mbele. Nitashuka mpaka Kihagara, nitalala kwako, nimfundishe Kilian kufunga viatu, na safari ya kupanda narudi naye. Msimu huu wote wa kahawa. Mwakani tutaona, labda hatanihitaji, labda mgongo wangu utakuwa umeshakataa. Kumlinda dhidi ya pombe yote ya dunia siwezi, mtu anajilinda mwenyewe. Lakini ile saa moja anayoiogopa, hiyo naweza kuikalia.

Baba yako aliposikia aliweka kikombe. "Emeria, mama mkwe bega kwa bega na mkwe wake, watu watasema nini?" Nikamwambia watasema wakiwa wanatuona tukipita wazima.

Ameniuliza, na hili la kutotazamana usoni je? Nimelifikiria. Garini hakuna anayemtazama mwenzake. Wote tunatazama barabara.

Na hapa nyumbani apite. Asipite kama mwizi. Chungu nimekitoa mbegu, nimekiosha, siku ya kubeba kahawa atakikuta nyuma ya nyumba palepale, kimejaa togwa isiyolevya. Akimaliza akigeuze kichwa chini kama zamani, nione kwa mbali nifurahi.

Mwambie neno moja tu, kwa kuwa ndani ya gari sitasema kitu. Tukifika kwenye ile kona, asinioneshe ziwa. Nitaliona mwenyewe.

Nitumie jibu kwa Mama Mektilda soko hilihili linalokuja, useme anaanza siku gani, ili siku hiyo niwe nimeshakaa.

Mama yako,
Emeria